Safuwima ambayo hakuna aliyekumbuka kuitengeneza

Barua za mwezi huu nimezichagua tatu, zote zikihusu jambo moja: kupandisha toleo la hifadhidata na kukuta ndani yake aina ya data ambayo toleo jipya haliitambui tena. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeandika yuko peke yake kazini, na najua wasomaji wengi mko hivyo.

Swali kutoka Morogoro

Shikamoo Mama. Mimi ndiye ninayetunza kompyuta na mifumo ya hospitali moja, sina msaidizi. Hifadhidata yetu ni PostgreSQL toleo la 11 na nimeagizwa niipandishe hadi la 16. Nimeendesha pg_upgrade, chombo chake cha kupandisha toleo, nikiwa nimeweka --check kama unavyotusisitizia, nayo imegoma. Inasema majedwali yetu yana aina ya data iitwayo abstime, kwamba aina hiyo iliondolewa katika toleo la 12, kwa hiyo haiendelei. Imeniachia faili liitwalo tables_using_abstime.txt. Ndani mna jina la hifadhidata yetu, na chini yake mstari mmoja tu: ukaguzi.watumiaji_2018.valuntil. Mama, mimi abstime sijawahi kuiandika popote, hata maana yake siijui. Aliyenitangulia aliondoka 2019 na namba yake haipatikani. Imetoka wapi, na niiondoeje bila kugusa kumbukumbu za wagonjwa?

Jibu

Marahaba mwanangu. Tulia kwanza. Ukiwa na --check, chombo hicho hukagua tu, na unaweza kukiendesha hata seva ya zamani ikiwa inafanya kazi mchana. Hakuna kilichobadilika. Kumbukumbu za wagonjwa ziko pale pale ulipoziacha.

Jibu la swali lako umeniandikia mwenyewe bila kujua, limo kwenye jina la safuwima. Valuntil si jina ambalo mtu wa hospitali angelibuni. Ni la PostgreSQL yenyewe. Ukifungua pg_user au pg_shadow, ile mionekano (views) ya mfumo inayoorodhesha wenye akaunti kwenye seva, utaikuta safuwima hiyo ikishika tarehe ambayo nenosiri la mtu linakoma kufanya kazi. Na hadi toleo la 11, mfumo uliitoa safuwima hiyo kwa aina ya abstime.

Sasa mtu akiandika CREATE TABLE ukaguzi.watumiaji_2018 AS SELECT * FROM pg_user, jedwali jipya linazaliwa na safuwima zote za pg_user pamoja na aina zake. Hakuandika abstime, hakuichagua, wala hakuonywa. Ninavyoiona, mwaka 2018 mkaguzi alitaka orodha ya wanaoingia kwenye mfumo, aliyekutangulia akapiga nakala kwa mstari mmoja, akaiweka kwenye skima, yaani kundi la majedwali, aliyoiita ukaguzi, na baada ya hapo hakuna aliyeifungua tena. Simlaumu. Wakati ule ilifanya kazi vizuri.

Abstime yenyewe ni ya zamani sana, tangu Postgres ikiwa mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni baiti 4 zinazohesabu sekunde kuanzia 1970, na hesabu hiyo inajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Ilikuwa na wenzake wawili: reltime ya muda uliopita kati ya nyakati mbili, na tinterval ya kipindi chenye mwanzo na mwisho. Kwa miaka mingi mwongozo rasmi ulionya kwamba ni aina za matumizi ya ndani na huenda zikatoweka. Oktoba 2019 toleo la 12 lilipotoka, zote tatu zilikuwa zimeondolewa. Nafasi yake zimebaki timestamp na timestamptz, zenye baiti 8, na interval.

Lakini mwanangu, usirekebishe safuwima hiyo moja ukaendesha tena papo hapo ukidhani umemaliza. Chombo cha toleo la 16 husimama kwenye kosa la kwanza linaloua kazi. Ukilisafisha, kinakwenda mbele na kusimama kwenye la pili. Nimeona watu wakishinda usiku kucha hivyo, kosa baada ya kosa, huku muda wa kusimamisha huduma ukiwaishia. Tafuta yote kwa mpigo mmoja, mchana, ukiwa umekula.

Kwa skima kama hiyo yako ya ukaguzi, nina wasiwasi na ndugu wengine wawili wa tatizo hili. Mtu aliyepiga nakala ya pg_user huenda siku hiyo hiyo alipiga nakala ya haki za majedwali, yaani safuwima relacl kutoka pg_class. Hiyo ni aina ya aclitem, na umbo lake kwenye diski lilibadilika katika toleo la 16, toleo lile lile unalokwenda. Pg_upgrade itakataa. Na kama alipiga nakala ya orodha ya safuwima kutoka information_schema, atakuwa amebeba aina iitwayo sql_identifier, ambayo nayo ilibadilika ndani katika toleo la 12. Kisa ni kile kile: mtu amenakili katalogi ya mfumo, yaani majedwali ambamo PostgreSQL hujiwekea habari zake yenyewe, na katalogi ikamwachia aina zake.

Hoja (query) ninayoitumia mimi kuzitafuta ni hii. Iendeshe kwenye seva ya zamani:

SELECT n.nspname, c.relname, c.relkind, a.attname, t.typname
FROM pg_attribute a
JOIN pg_class c ON c.oid = a.attrelid
JOIN pg_namespace n ON n.oid = c.relnamespace
JOIN pg_type t ON t.oid = a.atttypid
WHERE a.attnum > 0 AND NOT a.attisdropped
AND n.nspname NOT IN ('pg_catalog', 'information_schema')
AND t.typname IN ('abstime', '_abstime', 'reltime', '_reltime', 'tinterval', '_tinterval', 'aclitem', '_aclitem', 'sql_identifier', 'unknown');

Majina yanayoanza na mstari wa chini ni safu za orodha, yaani safuwima moja yenye thamani nyingi za aina hiyo. Hiyo unknown ni ya matoleo ya kabla ya 10, ambapo mtu akiandika CREATE TABLE AS SELECT 'mpya' AS hali, safuwima hali ilibaki bila aina inayoeleweka.

Iendeshe ndani ya kila hifadhidata iliyopo kwenye seva. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Katalogi hizi ni za kila hifadhidata peke yake, kwa hiyo ukiuliza ukiwa ndani ya hospitali hutajibiwa kuhusu ile ya majaribio iliyosahaulika pembeni. Pg_upgrade huhamisha zote, na moja tu ikiwa na tatizo inatosha kuzuia zote. Usiiache hata ile iitwayo postgres, watu huitumia kama meza ya kuandikia rasimu.

Hoja hiyo haioni kila kitu. Haitaona abstime iliyojificha ndani ya funksheni, wala aina mliyojitengenezea wenyewe juu ya abstime kwa CREATE DOMAIN. Kwa hizo mimi hutoa muundo wote bila data kisha nachekecha:

pg_dumpall --schema-only | grep -nE 'abstime|reltime|tinterval'

Sekunde chache tu, na unapata kila mstari unaotaja majina hayo.

Ukishakuwa na orodha kamili, kurekebisha kwenyewe ni kazi fupi:

ALTER TABLE ukaguzi.watumiaji_2018 ALTER COLUMN valuntil TYPE timestamptz USING valuntil::timestamptz;

Tarehe zote zitabaki vile vile, pamoja na zile zilizoandikwa infinity, yaani zisizo na mwisho. Aclitem igeuze kuwa text[] au text, na sql_identifier iwe text. Kwa kumbukumbu ya ukaguzi maandishi yanatosha kabisa. Kama kuna mwonekano unaoegemea safuwima hiyo, PostgreSQL itakataa kuibadilisha aina. Hifadhi kwanza maandishi ya mwonekano huo, uuondoe, badilisha aina, kisha uurudishe, yote ndani ya BEGIN na COMMIT moja ili ikikwama katikati kila kitu kirudi kilivyokuwa. Jedwali lako ni dogo, litakuwa na mistari kadhaa tu. Lingekuwa kubwa ningekwambia ufanye usiku, kwa sababu amri hiyo huliandika jedwali upya lote na kulifungia wengine hadi imalize, tena inataka nafasi ya diski ya kutosha nakala mbili.

Na kabla hujaigeuza, nakuomba kitu kimoja. Fungua jedwali hilo uangalie safuwima passwd. Ikiwa kila mstari una nyota tupu, nakala ilitoka pg_user na hakuna neno. Ukiona maandishi marefu yanayoanza na md5 au SCRAM, ilitoka pg_shadow, na hizo ni alama fiche (hash) za manenosiri halisi ya watumishi wa hospitali zilizolala kwenye jedwali la kawaida tangu 2018. Yeyote aliyepewa haki ya kusoma skima hiyo aliweza kuzichukua. Hapo usigeuze aina tu ukaishia. Ondoa safuwima passwd leo hii, mwambie mkuu wako kwa maandishi, na wenye akaunti hizo wabadilishe manenosiri. Kwenye hospitali jambo hili linanikosesha usingizi kuliko pg_upgrade yenyewe.

Na kama hakuna anayelihitaji tena jedwali hilo, unaweza kulitoa kwa pg_dump, ukalihifadhi kama faili, na kulifuta. Uliza idara ya fedha kwanza. Usiamue peke yako kufuta kitu chenye neno ukaguzi kwenye jina lake.

Mwisho, toleo la 11 liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2023. Usiahirishe.

Swali kutoka Nakuru

Mama, habari ya kazi? Sisi tuko kwenye MySQL 5.7 na tunataka kwenda 8.0. Je, haya ya aina zilizoondolewa yanatuhusu au ni ya PostgreSQL tu?

Jibu

Nzuri, asante. Yanawahusu, ingawa kwa sura nyingine. Cha kwanza kuangalia ni majedwali yaliyotengenezwa kabla ya 5.6.4 na hayajaandikwa upya tangu hapo. Kuanzia toleo hilo, namna ya kuhifadhi TIME, DATETIME na TIMESTAMP kwenye diski ilibadilika ili kuruhusu sehemu za sekunde, na 8.0 haikubali umbo la zamani. Kwa kuangalia maelezo ya jedwali hutagundua tofauti, jina la aina ni lile lile. Cha pili ni YEAR(2), mwaka wa tarakimu mbili, ambayo imeondolewa.

Endesheni util.checkForServerUpgrade() kutoka MySQL Shell, itawatajia yote mawili na mengine. Mkikuta jedwali la umbo la zamani, ALTER TABLE likifuatiwa na jina la jedwali na neno FORCE hulijenga upya. Na kama kuna seva yenu yoyote bado ipo 5.6, ipitisheni 5.7 kwanza. Hakuna njia ya mkato ya kuruka.

Swali kutoka Mombasa

Assalaam aleikum dada. Nimesoma majibu yako ya nyuma kuhusu pg_upgrade nikaona yana mashaka mengi. Mimi hutoa kila kitu kwa pg_dump nikakirudisha kwenye seva mpya kwa psql, kile chombo cha kuipa PostgreSQL amri. Kwa njia hii si nakwepa ukaguzi wote huo?

Jibu

Wa aleikum salaam kaka. Unaukwepa ukaguzi, kweli. Tatizo lenyewe hulikwepi, na kwa njia yako linakuja kimya. Nitakueleza yaliyonikuta mimi.

Mwaka 2020 nilihamisha hifadhidata ya chama kimoja cha akiba na mikopo kutoka 9.6 kwenda 12, kwa njia hiyo hiyo yako. Ndani yake kulikuwa na jedwali liitwalo vikumbusho, likiweka siku ambazo wanachama wameahidi kulipa. Jedwali hilo nililitengeneza mimi mwenyewe 2004. Diski ya seva yetu ilikuwa ndogo, nikasoma kwamba abstime inachukua baiti 4 badala ya 8, nikaona nimeokoa nafasi. Onyo la mwongozo niliona, nikalipita.

Usiku wa Jumamosi nikaanza kurudisha data. Skrini ikajaa maandishi yanayokimbia. Nilichoweza kukishika kwa macho kilikuwa mstari mmoja unaojirudia mamia ya mara: invalid command \N. Nikadhani ni suala la herufi za Kiswahili kwenye majina ya watu. Nikaangalia jedwali la wanachama, limejaa. La mikopo, limejaa. Nikafunga, nikalala.

Kilichotokea ni hiki. Juu kabisa, kabla ya mafuriko yale, kulikuwa na mstari mmoja ukisema aina ya abstime haipo. Amri ya kutengeneza vikumbusho ilishindwa hapo. Iliyofuata, ya kumimina data ndani yake, nayo ikashindwa kwa kuwa jedwali halipo. Psql haikusimama. Ikaendelea kuisoma ile data yenyewe kana kwamba ni amri, na kila ilipokutana na \N, ambayo ndani ya data maana yake ni nafasi tupu, ikalalamika. Kosa la kweli lilikuwa mstari mmoja, kelele zilizolifunika zilikuwa kurasa nzima.

Jumatano mama mmoja wa dawati la mikopo akaja kuniuliza mbona wiki hii hajapata orodha ya kuwapigia watu simu. Niliposikia hivyo miguu iliniisha nguvu. Siku tatu za kazi zilikuwa zimepita, na kuna wanachama waliokuwa wameahidi Jumatatu na Jumanne ambao hakuna aliyewakumbusha. Baadhi yao walitozwa faini ya kuchelewa. Tuliwarudishia, ila nilikwenda kuomba radhi dawatini mwenyewe, na hadi leo nikikumbuka nyuso zile najisikia vibaya.

Kilichotuokoa ni kwamba seva ya zamani ilikuwa imezimwa tu, haijafutwa. Nikaiwasha, nikaandika ALTER TABLE ya kugeuza safuwima kuwa timestamptz. Ikakataa. Abstime ilikuwa na thamani yake ya pekee, neno invalid, ambalo timestamptz haina mahali pa kuliweka, na PostgreSQL inasimama ikilikuta. Kuzitafuta nilitumia WHERE siku::text = 'invalid'. Zilikuwa rekodi tisa. Nikachapisha karatasi, nikaketi na yule mama wa dawati tukapitia moja moja: saba zilikuwa mikopo iliyokwisha zamani, mbili tukalazimika kuwapigia wenyewe simu tuulize waliahidi lini. Zile saba nikazifanya NULL, yaani tupu, mbili nikaziandika tarehe zake, kisha ALTER ikapita. Nikatoa jedwali hilo peke yake kwa pg_dump -t nikalirudisha kwenye 12.

Kwa hiyo, kaka, baki na njia yako, ni njia nzuri na wakati mwingine naitumia bado. Ila fanya ile hoja niliyompa ndugu yetu wa Morogoro kwanza, ukiwa kwenye seva ya zamani, maana huko ndiko PostgreSQL bado inajua abstime ni nini na inaweza kukugeuzia. Ukishavuka, hakuna wa kukutafsiria. Wakati wa kurudisha, iambie psql isimame kwenye kosa la kwanza:

psql -v ON_ERROR_STOP=1 -d chama -f chama.sql > matokeo.txt 2> makosa.txt

Makosa yanakwenda kwenye faili lake, na unalisoma kuanzia juu. Kisha hesabu mistari ya kila jedwali pande zote mbili. Mimi hufanya kwa skripti ndogo inayoandika jina la jedwali na idadi yake, nachapisha karatasi mbili, naziweka meza moja na kutia tiki kwa kalamu. Seva ya zamani naizima, na diski yake inakaa siku 30 kwenye kabati la ofisi, imebandikwa karatasi yenye tarehe ya kuzimwa na jina langu.